Ampli Iliyongoja Maombi ya Mama

Jumamosi iliyopita nilikuwa nje ya nyumba yangu hapa Yamumbi, Eldoret, nikichambua mboga za managu, simu ikalia. Namba siijui. Sauti ya mwanaume mtu mzima, ile ya kuvuta maneno vile wenyeji wa huku huvuta. Akaniuliza, "Wewe ni msichana wa fundi? Yule wa kwota za kiwanda?"

Rafiki yangu, sikiliza. Mimi ni mama wa watoto wanaonipita urefu. Kanisani naitwa Mama Mwenyekiti. Hakuna mtu ameniita msichana wa fundi tangu nilipokuwa navaa sare ya shule.

"Namba yako nimepewa na mama mmoja wa kanisa lenu," akaendelea. "Gogo anauliza utakuja lini uchukue mzigo wa baba yako. Anasema stima sasa imeingia kwetu, hakuna sababu tena ya kungoja."

Managu yalimwagika yote. Niliyaacha hapo, kuku wakajilia.

Wacha nikuambie huo mzigo ni nini, maana watoto wa siku hizi wanabeba muziki kwa mfuko wa suruali na hawawezi kuelewa. Ni ampli. Ampli ya kuchezea muziki nyumbani, ya spika mbili, moja kushoto na moja kulia. Haikununuliwa dukani. Baba yangu aliitengeneza kwa mikono yake, kwa meza tuliyolia chakula.

Sisi tulikuwa watu wa upande wa ziwa, wageni huku. Baba aliletwa Eldoret na kazi, fundi wa stima, huo umeme, kwa kiwanda cha nguo, na tulikaa kwenye laini ya kwota chini ya kiwanda, nyumba za mawe za wafanyakazi zenye mabati mekundu. King'ora kikilia asubuhi, laini yote ilinuka chai na kuni za mkaratusi. Mtaro wa nyuma ulipitisha maji ya rangi. Siku ya kitambaa cha buluu, bata wa jirani walirudi nyumbani wakiwa buluu. Watu walikuwa wa kila kabila, na kama ulikuwa na shida ya chumvi ulibisha mlango ulio karibu, hukuuliza kwanza mwenye mlango ametoka wapi.

Na kila asubuhi alikuja Gogo. Gogo ni nyanya kwa lugha ya wenyeji wa huku, na sisi wote wa laini tulimuita hivyo. Shamba lake lilikuwa ng'ambo ya mto. Alikuja na punda amebeba mitungi ya maziwa, akipiga kelele toka mbali, "Maziwa iko! Mwenye amelala atakunywa strungi, chai bila maziwa!" Alikuwa mjane. Marehemu mzee wake aliimba besi kwenye kwaya ya kanisa lao, na zamani hiyo kwaya ilienda kurekodi, ikatoa rekodi ndogo, nyeusi, yenye shimo kubwa katikati. Gogo alikuwa nayo, imefungwa kwa leso, lakini hakuwa na kitu cha kuichezea. Kwake hakukuwa na stima.

Sasa hiyo ampli. Haikuwa na hivi vitu vidogo vya siku hizi. Ilitumia valvu, zile chupa za glasi zenye nyuzi ndani, ambazo ukiwasha zinaanza kuwaka pole pole, rangi ya makaa yanayopulizwa. Baba alizitoa kwa redio kuukuu za walowezi, na nyingine kwa mashini ya sinema ya mjini ilipofungwa. Bati la chini alilikata kwa mlango wa kabati la ofisi. Pembeni akaweka mbao za mti wa saipras. Jioni alikaa akichomea nyaya kwa risasi ya kuyeyusha, moshi wake mtamu ukipanda, Mama akifungua dirisha na kulalamika kwamba ugali una ladha ya chuma.

Kazi kubwa ilikuwa kuzungusha waya wa shaba kwenye transfoma. Moja ya upande wa kulia, moja ya upande wa kushoto, na mizunguko lazima ilingane. Baba alizungusha kwa mkono akihesabu moyoni, na kila akifika mia moja aliweka punje moja ya mahindi kwa kisosi. Ukimsemesha, hesabu inapotea. Basi nyumba yetu ilijifunza kunyamaza. Mama alimletea chai akionyesha kwa vidole, sukari moja au mbili.

Ya kulia iliisha vizuri. Ya kushoto ilikuwa karibu kuisha wakati Baba alitoka kwenda kwa choo, na kuku wa Mama akaingia, akaruka mezani, akameza hesabu yote.

Mama alishika kisu hapo hapo. Baba akamzuia mkono. "Muache huyo," akasema. "Ndiye peke yake anajua nilifika ngapi."

Alimalizia kwa kukisia. Na kweli, siku ya kuiwasha, upande wa kushoto ulikuwa na sauti nzito kuliko wa kulia, kidogo tu, kama mtu mwenye mafua. Laini yote ikauita upande wa kuku.

Masanduku ya spika yalihitaji kitu laini ndani, kitu cha kumeza mwangwi. Gogo alileta gunia la manyoya ya kondoo wake, hayajaoshwa. Ndiyo maana ampli ikipata moto, na spika zikianza kupumua, sebule yetu ilinuka vumbi la joto, utomvu wa saipras, na kondoo. Gogo alisema kwa maringo, "Hiyo redio yenu imevaa mtu wangu."

Jumapili baada ya kanisa watu walikuja na viti vyao. Kila nyumba iliacha rekodi yake kwa rafu yetu, maana kwetu tu ndiko kulikuwa na mahali pa kuzichezea. Mwalimu wa mlango wa pili alikuwa na zake za magitaa. Nesi alikuwa na taarabu aliyotoka nayo Mombasa alikosomea. Kila mtu alichezewa yake, na hakuna kuruka ya mtu hata kama huipendi. Ya Gogo ilikuwa ya mwisho siku zote, kwa sababu baada ya hiyo hakuna aliyetaka kusikia nyingine. Yeye alikaa upande wa kuku, kwa vile huko besi ilikuwa nzito zaidi. Alifumba macho, na mjukuu wake, kijana mrefu aliyemsaidia na punda, alisimama mlangoni na kofia yake ya sufu mkononi.

Na sasa hili ndilo nataka ulishike. Valvu hazikimbizwi. Ukiwasha, lazima ungoje zipate moto ndipo zitoe sauti. Baba alitafuta njia ya kutumia huo muda. Alikuwa akiwasha, halafu Mama anaomba. Maombi yalikuwa yale yale kila Jumapili. Alishukuru kwa mvua, akaombea wagonjwa wa laini, akabariki mkono uliotengeneza na sikio litakalosikia, na mwisho alisema, "Wakumbuke walio njiani, Bwana, umrudishe kila mtu kwa mlango wake. Amina." Tukisema Amina, ampli iko tayari. Haikukosea hata siku moja. Mimi nilikuwa na kazi ya kufuta vumbi na kuweka sindano ya pleya juu ya rekodi. Kwa akili yangu ya kitoto, niliamini ni Amina ndiyo inaiwasha.

Kisha ikaja ile kura. Simaanishi ile ya baadaye ambayo dunia nzima iliona kwa TV. Nasema ya kabla, nikiwa shule ya msingi, iliyotuchoma sisi kimya kimya. Watu walipiga foleni, matokeo yakasomwa, na badala ya mambo kwisha ndipo yakaanza: waliotoka kwingine wakachomewa nyumba. Tuliona moshi mchana, kwanza mbali upande wa Cheptiret, halafu karibu. Mwalimu alifunga mlango wake, akaondoka na begi moja. Nesi akafuata. King'ora kililia asubuhi na hakuna aliyetoka. Maziwa yakakatika. Mama alipika uji wa maji matupu, na kila mbwa akibweka sisi watoto tulitazama uso wa Baba, na Baba alitazama mlango.

Siku moja Gogo alikuja bila punda na bila mtungi. Alipitia nyuma, kwenye mtaro. Hakukaa.

"Fundi," akasema, "hapo kwetu wanasema uko na mashini."

"Mashini gani, Gogo? Si unaijua?"

"Mimi najua. Wao wanasema inawaka moto ndani, na iko na waya mpaka juu ya nyumba. Wanasema unaita watu wenu waje na malori. Nimewaambia ni ya nyimbo. Wananiambia, nyamaza, wewe mama mzee umedanganywa."

Baba alikuwa amepitisha waya wa shaba juu ya mabati ili redio aliyoiunganisha na ampli ishike stesheni za mbali. Ni kweli valvu zilionekana dirishani jioni. Ni kweli ilivuma. Ukiongeza woga juu ya hayo, unapata chochote unachotaka.

Kesho yake, jua likiwa kichwani, walikuja. Walikuwa vijana wengi, na wengine sikuwajua kabisa. Walibeba pinde na marungu, na mmoja alikuwa na debe ambalo nilijua harufu yake kabla halijawekwa chini. Mbele yao alikuwa mjukuu wa Gogo. Yule yule mrefu, na ile kofia ya sufu, lakini hakututazama machoni.

"Wewe mzee," akamwambia Baba, kama mtu asiyemjua. "Tuonyeshe hiyo kitu ya kuita watu."

Baba akafungua mlango wote. "Ingieni. Lakini polepole, iko na stima."

Waliingia wachache, wengine wakajaza mlango na dirisha, nyumba ikawa giza. Mama alinivuta nyuma ya sketi yake. Aliyekuwa na debe aliinua rungu juu ya ampli. "Hii hapa! Tuvunje tu!"

"Ngoja," mjukuu wa Gogo akasema. "Iwashwe. Tusikie inaongea na nani."

Baba akawasha.

Hakuna kitu. Unajua hakuwezi kuwa na kitu. Valvu zilianza kuonyesha kauzi kekundu chini, basi.

"Mbona haiongei?"

"Inapata moto," Baba akasema.

"Inapata moto, ama inawaita?" Mmoja wa dirishani akacheka kicheko kibaya. "Anatucheza, huyu! Wakifika ndio utatuambia imepata moto?"

Upinde ulivutwa. Nilisikia ile kamba ikilia. Baba hakusogea, alisimama mbele ya meza na mikono yake wazi, jasho likimtoka puani tone kwa tone. Mimi nilitazama zile glasi. Nilizisukuma kwa macho yangu. Niliziambia, wakeni, wakeni, na zenyewe hazikuwa na haraka na mtu yeyote.

Ndipo Mama akafumba macho.

Hakupiga magoti, hakulia. Alianza tu kama Jumapili. "Bwana, asante kwa mvua." Hakukuwa na mvua, kilichonyesha wiki hiyo kilikuwa majivu. Akaombea wagonjwa wa laini, na laini haikuwa na mtu. Yule wa debe akasema, "Mama, nyamaza," lakini alisema kwa sauti ya chini, vile mtu husema mtu mwingine akiwa anaomba. Mama akaendelea. Akabariki mkono uliotengeneza na sikio litakalosikia.

Na mjukuu wa Gogo akavua kofia.

Sidhani alijua. Ni mkono wenyewe ulijua. Ulikuwa umeivua hiyo kofia pale pale mlangoni Jumapili nyingi, na ukasikia yale maneno, ukaenda kichwani. Mwenzake wa nyuma alimuona, akashusha upinde kidogo, kwa kuchanganyikiwa.

"Wakumbuke walio njiani, Bwana. Umrudishe kila mtu kwa mlango wake. Amina."

"Amina," sauti ikajibu kutoka kwa dirisha. Wakageuka kutazama ni nani kati yao, na hakuna aliyekubali.

Baba aliniambia bila kugeuza kichwa, "Weka sindano, mama." Aliniita mama vile watu wetu huita mtoto wa kike wakimbembeleza. Kwenye pleya kulikuwa na ile iliyochezwa mwisho Jumapili ya mwisho, na ya mwisho siku zote ilikuwa ya Gogo. Nilifuta vumbi na kidole. Nikaweka.

Kwanza ule mkwaruzo, kama mafuta yakikaanga mbali. Halafu kwaya. Wakaimba kwa lugha ya wale vijana wenyewe, wimbo ambao mama zao waliwaimbia wakiwabeba mgongoni. Na upande wa kuku, chini ya sauti zote, besi ya mzee mmoja aliyekufa zamani.

Mjukuu wa Gogo alisimama na kofia kifuani na taya lake likicheza. Wimbo ulipofika katikati akasema, "Zima." Baba akazima.

"Ni muziki," akawaambia wenzake. "Ni muziki tu. Huyo anaimba ni babu yangu."

"Na ile waya ya juu?"

"Itoke," akamwambia Baba. Baba alipanda juu ya mabati mbele yao wote, akaishusha, akaikunja, akampa. Wakatoka. Debe lilitoka nao. Mjukuu alikuwa wa mwisho, na mlangoni akasema kwa chini, akitazama viatu vya Baba, "Mzee, leo ni mimi. Kesho sijui ni nani. Toka na watoto kukiwa bado na jua."

Gogo alifika na punda kabla hatujamaliza kufunga nguo. Baba alitaka ampli iende kwake. Lakini hata siku hiyo hakuibeba haraka. Alikuwa na msemo, alituambia tena na tena toka tukiwa wadogo ili tusije tukagusa chini ya ile mashini: kuzima si kupoa. Stima hubaki ndani imejificha hata baada ya kuzima, inangoja mkono. Akachukua bisibisi yenye mpini wa mbao, akaigusanisha chini ya ampli, cheche ikaruka, tap! Sisi wote tukalala sakafuni tukidhani ni risasi. Gogo alicheka hadi akashika mbavu, halafu kicheko kikageuka, akajifunika uso na leso.

Wakapakia ampli na spika mbili juu ya punda, wakafunika na nyasi. Pleya na rekodi za watu zingefuata kwa safari ya pili. Punda alishuka mtoni, nasi tukashika njia ya kanisa mjini. Safari ya pili haikuwepo. Laini ilichomwa, na rafu yetu ndani yake: magitaa ya mwalimu, taarabu ya nesi, na ile besi.

Tulilala uwanjani kwa kanisa. Baadaye ikatangazwa kumetulia, watu warudi. Baba akasema kuzima si kupoa, akatupandisha lori la kwenda ziwani. Huko hakuwa fundi tena. Alikuwa na redio ndogo ya betri na aliifungua taarifa ya habari tu. Muziki ukianza aliifunga. Alikufa hivyo, na Mama akamfuata. Mimi shule ilinikatikia hapo. Niliimalizia darasa la jioni nikiwa mama, nikinuka sabuni ya kufua mbele ya mwalimu mdogo kuliko mimi. Niliporudi kuishi Eldoret watu wetu waliniuliza kama nimerukwa na akili. Niliwaambia kwetu ni wapi basi? Hata baada ya ile kura nyingine nilirudi. Imepoa? Sijui. Naishi kwa kuweka mkono polepole, na kwa kuomba.

Basi jana nimeenda. Mahali laini ilikuwa wamejenga maduka na gorofa za kukodisha. Sikupata hata jiwe la mlango wetu. Nikavuka daraja. Mjukuu wa Gogo, mwenye ile sauti ya simu, alinipokea getini, mvi zimejaa, mkono wake ukashika wangu kwa muda mrefu kuliko salamu. Gogo amekuwa mdogo kama mtoto, amefunikwa blanketi, macho hayaoni vizuri. Na mezani, chini ya kitambaa cha kufuma, ilikuwa ampli, spika zake mbili pembeni. Valvu zote alizitoa akazifunga moja moja kwa manyoya ya kondoo, kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, akazilinda miaka yote katika nyumba isiyo na soketi.

"Gogo," nikamwambia, "rekodi yako iliungua kwetu. Ile sauti ya mzee."

"Najua," akasema. "Niliuona moshi. Wewe washa."

Tulizirudisha kila moja kwa tundu lake. Mjukuu akachomeka waya, akarudi nyuma hatua kubwa, tukacheka kidogo. Nikawasha. Zingine hazikushika, zimekufa. Lakini za upande mmoja zilionyesha kauzi kekundu.

"Tumngojee mzee," Gogo akasema, na akageuza kiti chake upande wa kuku.

Wote watatu tulijua kitu gani hukaa katika kungoja huko. Hakuna aliyekuwa amebaki wa kukisema ila mimi. Nikafumba macho, nikashukuru kwa mvua. Nilisikia kofia ikisugua nywele, sikuhitaji kutazama. Nikapita kwa wagonjwa, kwa mkono uliotengeneza, kwa sikio. Nikafika kwa kila mtu na mlango wake, na Gogo ndiye aliyesema Amina.

Ikavuma, upande wa kushoto tu, nzito, kama mtu mwenye mafua. Harufu ya kondoo ikapanda. Hakukuwa na rekodi ya kuweka, na hakuna aliyeitafuta. Gogo aliinamisha kichwa kwenye ule mvumo, akatikisa mguu mmoja taratibu, akifuata wimbo ambao sisi wengine hatukuweza kuusikia.